Tiba ya usemi na lugha kwa watoto ni nini?

Mtoto wa miaka mitatu anaona gari likipita na kusema "dali!" Mwenzake wa umri uleule anatamka "gari" vizuri kabisa, lakini ukimwambia "niletee kiatu kilicho chini ya kiti", anakuletea kiti. Wengi wangesema mwenye shida ni yule wa kwanza. Mimi ningeanza na huyu wa pili.

Usemi ni sauti zenyewe, yaani namna ulimi, midomo na pumzi vinavyoshirikiana kutoa neno. Kithembe na kigugumizi vimo humo. Lugha ni maana: kuelewa unachoambiwa, kulipata neno unalolitaka, kuyapanga maneno hadi msikilizaji akuelewe. Mtoto kiziwi aliyekua na lugha ya alama ana lugha kamili hata kama hatamki neno. Na mtoto mwenye matamshi safi anaweza kuwa haelewi nusu ya anayoambiwa, akaitwa mkaidi au mvivu. Hilo huniuma, maana huadhibiwa kwa jambo lisilo kosa lake.

Shida hii ya lugha huweza kumpata hata mtoto asiye na tatizo lolote la masikio wala ugonjwa unaojulikana. Mwaka 2017 jopo la wataalamu lilikubaliana kuliita jambo hili kwa jina moja, ambalo kwa Kiswahili tunaweza kusema tatizo la ukuaji wa lugha. Huwapata takribani watoto 7 katika kila 100. Halitokani na malezi mabaya, wala na mtoto kusikia lugha mbili nyumbani. Kumwambia mzazi aache lugha yake ili mtoto "asichanganyikiwe" ni ushauri mbaya.

Kwa kawaida neno la kwanza huja karibu na mwaka mmoja. Akitimiza miaka miwili, wengi huwa na maneno 50 hivi au zaidi, na wameanza kuunga mawili: "maji tena", "baba njoo". Asipofika hapo, aangaliwe na mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha, na kipimo cha masikio kisisahaulike. Majimaji yanayotuama nyuma ya ngoma ya sikio hufanya sauti zimfikie hafifu, naye hutamka anavyosikia. Wapo pia watoto wanaoletwa kwa sababu hupaliwa wakila au kunywa. Kumeza nako ni kazi ya mtaalamu huyuhuyu.

Katika afya ya jamii, mtaalamu humfuata mtoto anakoishi: nyumbani, shule ya awali, kliniki ya karibu. Sababu yake ni hesabu tu. Yeye atakuwa na mtoto kwa nusu saa, kisha aende zake. Mama, baba, bibi na mwalimu wanaye siku nzima. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tiba ni kuwafundisha hao, na si mazoezi ya ulimi kama watu wanavyodhani.

Mgeni akiingia wakati wa tiba angeona watu wanacheza tu. Mtaalamu ameketi sakafuni, uso wake usawa na wa mtoto. Anapuliza mapovu ya sabuni, mtoto anayapasua, anacheka. Kisha mtaalamu anakifunga kichupa na kunyamaza. Hamwambii "sema tena". Anamtazama na kuhesabu moyoni hadi kumi, na kumi hiyo ni ndefu kuliko unavyodhani. Mtoto anatazama kichupa, anamtazama yeye, ananyoosha mkono: "Te!" Hapo hapo: "Tena! Tunapuliza tena," na mapovu yanaruka. Hakusahihishwa, amelisikia neno likiwa kamili, na limempatia alichokitaka.

Halafu kichupa anakabidhiwa mama. Mara ya kwanza anafika tatu tu kabla ya kumsemea mwanawe. Mara ya pili anafika saba.