Kuzima hita ukitoka hakuongezi bili

Kila baridi ikikaribia utasikia ushauri uleule: acha hita iwake kidogo kutwa nzima, maana kuipasha upya nyumba iliyopoa hula nishati zaidi. Si kweli. Joto hutoroka kwa kadiri ya tofauti kati ya ndani na nje. Nje kukiwa nyuzi 0, nyumba yenye nyuzi 20 hupoteza joto kwa kasi karibu maradufu ya ile iliyoshuka hadi 10. Ule moto mkali wa mwanzo, unaowatisha watu wakitazama mita, hurudisha tu kilichopotea, nacho ni kidogo kuliko ambacho ungekilipia kutwa.

Pampu ya joto, yaani mtambo wa umeme unaovuta joto la nje na kulileta ndani, ni habari nyingine. Hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ikienda taratibu. Na kwenye baridi ya kugandisha usizime kabisa: maji yakiganda hupanuka na kupasua bomba.

Kama fedha ni za kubana na unataka kuzuia joto kutoroka, anzia madirishani. Pitisha kijiti cha ubani kinachofuka kando ya fremu, mbali na pazia. Moshi ukipinda ghafla, hapo pana upenyo. Ukanda wa sponji wa kubandika unatosha kuuziba.