Mgandamizo wa hewa ni nini? Mpe mtoto chupa tupu, panda gari la Kyela

Mgandamizo wa hewa ni nguvu ambayo hewa husukumia kila inachokigusa, kutoka pande zote. Hewa ina uzito. Ile iliyo juu ya meza ya mita moja kwa mita moja, pale Dar es Salaam, inafikia kama tani 10. Meza haivunjiki kwa sababu hewa ya chini yake nayo inasukuma kwenda juu. Ukimweleza mtoto hivyo ataitikia tu, maana hewa yenyewe haioni.

Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Sehemu ya hewa ile imebaki chini yetu, hivyo mgandamizo wa huku ni kama asilimia 82 tu ya ule wa pwani. Kyela, jirani na Ziwa Nyasa, ni kama mita 500.

Basi mtoto anayekwenda likizo kwa bibi yake Kyela anywe maji, chupa ya plastiki ibaki tupu, aikaze kizibo kabla gari halijaondoka. Kutoka Uyole, pembezoni mwa Mbeya, barabara hupanda kwanza, na chupa itakuwa ngumu kuibonyeza. Mkishaanza kuteremka kupita Tukuyu, hewa ya nje inasukuma kuliko ile iliyofungiwa ndani, na mbavu za chupa zinabonyea zenyewe. Mkifika Kyela imejikunja, na atasema imevuja. Mwambie aifungue: itavuta hewa ndani kwa mlio na kurudia umbo lake. Ingekuwa imevuja, isingejikunja kabisa. Joto la Kyela hutanua kidogo hewa ya ndani, lakini mbele ya mgandamizo halifui dafu.

Nyumbani, mtu mzima amimine maji ya moto kiasi kwenye chupa laini, aitikise, ayamwage, afunge upesi na kuiweka kwenye beseni la maji baridi. Itabonyea pia. Hapa hewa ya nje haijabadilika. Ya ndani ndiyo imepoa ikapungua nguvu.

Jikoni jambo hili tunalo kila siku, ingawa wengi hulaumu kuni. Mgandamizo ukiwa mdogo, maji huchemka mapema: Mbeya ni kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na maharage yanachelewa kuiva. Presha kuka hufungia mvuke ndani, mgandamizo ukapanda, na maji yakapita nyuzi 100. Hiyo mtoto aitazame kwa mbali.