Rodney hakusahau reli

Jana usiku nimemaliza kusahihisha rundo la insha za wanafunzi wangu. Swali lilikuwa fupi: jadili hoja ya mwanahistoria Walter Rodney, kwamba Ulaya ndiyo iliyoidumaza Afrika, katika How Europe Underdeveloped Africa, kitabu kilichotoka 1972, mwenyewe akifundisha pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kabla sijafungua insha ya kwanza nilishaijua sentensi ya mwisho: kwa ujumla mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa, ingawa ana udhaifu wake. Ikawamo. Ya pili pia. Kufika ya saba nikaweka kalamu, nikaenda kuchemsha chai.

Ugonjwa huu tunajua ulikotoka. Ni fani na maudhui, uchambuzi wa vitabu vya fasihi tuliofundishwa sekondari: dhamira, ujumbe, falsafa, halafu kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Kwenye riwaya sina ugomvi nao. Kwenye kitabu cha historia unazaa daftari la duka: mazuri kushoto, mabaya kulia, hesabu imefungwa.

Insha ya hoja inataka dai moja, la kwako, ambalo mtu mwenye akili timamu anaweza kulipinga. "Ukoloni ulikuwa mbaya", nani atakubishia darasani? "Rodney anaeleza athari za ukoloni" ni maneno ya nyuma ya jalada. Haya nimeyasema mpaka sauti imekauka, tuendelee.

Kinachonichoma ni reli. Karibu nusu ya rundo wanasema Rodney amesahau mazuri ya wakoloni, kwa mfano reli, shule na hospitali. Jamani! Fungueni sura ya sita, mwanzoni kabisa. Sehemu ile yote inahusu hizo hizo zinazoitwa faida za ukoloni. Anauliza huduma zilimfikia nani, kisha anasema barabara na reli ziliteremkia baharini, kwenye meli, wala hazikujengwa ili Waafrika wafanye biashara wao kwa wao. Chukua ramani yetu. Reli ya Kati inatoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Ya Tanga inapanda kwenda Moshi. Mistari miwili ndani ya nchi moja, na haikuunganishwa hadi 1963, bendera ya mkoloni ikiwa imeshashushwa.

Unataka kumpinga hapo? Mpinge kwa alichokisema. Onyesha, kwa mfano, kwamba watu waliigeuza ile reli ikawa yao, wakahama nayo, wakapitisha mazao yao, vyama vya wafanyakazi vikaota kwenye karakana. Hapo tutakuwa tunazungumza. Ila huwezi kumshtaki mtu kwa kunyamaza wakati amepiga kelele kurasa kadhaa.

Kuna mwingine alimnasa Rodney "akijichanganya". Kumbe maneno aliyonukuu ni ya Abdulrahman Babu, mwanasiasa wa Zanzibar, aliyeandika neno la mwisho la kitabu. Majina huandikwa ili yasomwe.

Aliyeniamsha ni binti mmoja tu. Yeye aling'ang'ania jedwali moja la sura ya nne, idadi ya watu kwa mamilioni. Afrika: mwaka 1650 ni 100, 1750 ni 100, 1850 ni 100, 1900 ni 120. Ulaya katika muda huo inatoka 103 hadi 423. Rodney analitumia kuonyesha jinsi biashara ya utumwa ilivyolifyonza bara. Binti akauliza: mwaka 1650 nani alipita Afrika nzima akihesabu vichwa? Mia, mia, mia ni makisio, tena ya kuazima. Dai lake: hoja ya Rodney inasimama hata jedwali likifutwa, kwa sababu uzito wake uko kwa waliochukuliwa, vijana wenye nguvu za kazi, na katika shughuli zilizoachwa watu wakikimbilia kuwinda wenzao.

Nakiri nimelichora jedwali lile ubaoni miaka mingi bila kujiuliza swali hilo. Na bado hajanishawishi sawasawa. Bila jedwali, ukubwa wa hasara unabaki hewani, na hoja ya Rodney inauhitaji ukubwa huo. Nimempa 17 kati ya 20, pembeni nikaandika: njoo ofisini tubishane.