Meno ya kahawia si uchafu

Mtoto wa Nakuru akicheka, meno yakaonekana na madoa ya kahawia, watu husema hapigi mswaki. Si kweli, na maneno hayo humfanya afunike mdomo kwa kiganja. Mara nyingi madoa hayo hutokana na floraidi, aina ya madini, iliyozidi katika maji ya visima, inayotoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Huliathiri jino likiwa bado ndani ya ufizi, kabla ya miaka 8 hivi. Kusugua kwa majivu au mchanga hukwangua jino bure. Kuchemsha maji hakuiondoi floraidi; maji yakipungua, hukolea zaidi. Mtoto mdogo apewe maji safi ya mvua, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa. Mswaki aendelee nao, asubuhi na usiku.