Je, zamani watu waliimba nyimbo za asili vilevile walivyofundishwa?

Wengi wanaamini wazee waliimba bila kugeuza hata neno, halafu mambo ya kubadilisha yakaja na studio na magitaa ya umeme. Ndo maana msanii akigusa wimbo wa jadi tu anaambiwa anauharibu. Ila ushahidi tulionao unaenda kinyume kabisa na hiyo imani.

Kati ya 1933 na 1935 mtafiti Mmarekani Milman Parry, baadaye akisaidiwa na mwanafunzi wake Albert Lord, alirekodi Yugoslavia waimbaji wa tenzi za mashujaa, wengi hata kusoma hawajui. Walipoulizwa, kuna waliosisitiza kwamba wanaimba neno kwa neno, lakini rekodi zikilinganishwa mistari inatofautiana, hata mtu yuleyule akirudia utenzi wake mwenyewe! Na hawakuwa wanadanganya, kwao kisa kikiwa kilekile na matukio yakafuatana vilevile basi wimbo ni uleule.

Inakuwaje? Kichwani hayakai maneno yote, inakaa mifupa ya kisa pamoja na mafungu ya maneno yanayoenea kwenye mizani. Ni kama mtu anayekuelekeza njia anayopita kila siku, hajakariri sentensi, njia yenyewe ndo anayo, leo atasema "kata kushoto penye mti", kesho "ukiupita mti tu, kushoto", na utafika palepale. Mstari wa tenzi hizo una silabi 10, kwa hiyo mwimbaji anachukua fungu la silabi 4 analiunga na la 6 hapohapo huku anaimba, kitu ambacho mimi kinanishangaza mpaka leo.

Wimbo mfupi wenye vina hauyumbi sana kwa maneno, kina kinakubana. Sauti, yaani melodi, je? Mwanamuziki Percy Grainger alirekodi waimbaji wa vijijini Uingereza kwa fonografu, mashine ya zamani ya kurekodi sauti, mwaka 1906, akakuta wanageuza sauti kutoka ubeti mmoja hadi mwingine, wakati karatasi ya nota huwa inabeba sauti moja tu. Kwa hiyo hiyo "orijino" tunayogombania inaweza kuwa namna mtu mmoja alivyoimba siku moja.

Kuimba bila kugeuza kitu kunawezekana lakini, Wahindi wanaokariri Veda, maandiko matakatifu ya Kihindu, wanafanya hivyo. Wanajifunza maneno yaleyale kwa mipangilio kadhaa, la kwanza na la pili, la pili na la tatu, kuna mpaka wa kurudi kinyumenyume, ili neno likikosewa ligundulike. Hiyo ni kazi ya miaka chini ya mwalimu, na nyimbo nyingi za jadi hazina mfumo wa namna hiyo.