Vanila ya nyumbani: harufu inakuja ukishavundika, na kuvundika ni kazi ya wengi

Swali tunaloulizwa sana na watu wanaootesha okidi majumbani ni hili: vanila yangu (nayo ni okidi) imezaa, nikiyanusa matunda hayanuki kitu, nimekosea wapi? Hujakosea. Tunda bichi halina ile harufu, vanilini, yaani kitu kinachotoa harufu, imo ndani lakini imefungwa na sukari, na mpaka kimeng'enya (protini inayochochea mabadiliko) cha tunda lenyewe kiikate hiyo sukari ndo harufu inatoka, kwa hiyo kazi inaanza ukishachuma na wengi wanaharibu hapo hapo.

Kuchuma nako kuna subira yake. Toka uchavushe ua mpaka tunda likomae ni miezi 8 hadi 9, na linadanganya kwa sababu linafikia urefu wake wote mapema sana, mtu anaona limejaa anakata. Usikate. Ngoja ncha ya chini ianze kuwa njano. Likipasuka kidogo, kwa matumizi ya nyumbani halina shida kabisa, ila likiwahiwa litakosa harufu na kuota ukungu upesi. Vaa glavu, utomvu wake unawasha.

Halafu maji ya moto, nyuzi 63 hadi 65 za selsiasi kwa dakika kama 3, na tafadhali tumia kipimajoto usikisie kwa kidole, maana maji yanayochemka yanaua kile kimeng'enya tunachokitegemea na yakiwa vuguvugu tu tunda linaendelea kuwa hai na seli zake hazivunjiki. Yakitoka humo yafute maji, yaviringishe kwenye blanketi la sufu yangali na moto na uyavundike kwenye chombo kinachotunza joto, nyuzi 45 hadi 50, siku moja mbili hivi, yatageuka kahawia.

Sasa hapa ndo mtu aliye peke yake anakwama. Shambani wanavundika lundo kubwa na lundo linajitunzia joto lenyewe, wewe una matunda kumi na kitu yanapoa kabla hujageuka. Ushauri wetu, na tunausema kwa dhati: wapenda okidi mkiwa kikundi yatieni maji ya moto siku moja, vundikeni pamoja, kila mtu afunge uzi wa rangi yake asipotezane na matunda yake. Wakulima wa Madagaska wao wanatoboa alama kwa pini tunda likiwa bado kwenye mmea, hasa kwa ajili ya wezi, na alama inabaki mpaka mwisho.

Vanila imekuwa kazi ya kufundishana toka zamani. Njia ya kuchavusha kwa kijiti na kidole gumba aliigundua Edmond Albius mwaka 1841 kisiwani Réunion, alikuwa mtumwa wa miaka 12, akapelekwa shamba moja hadi jingine kuwaonyesha wengine, na mpaka leo tunafanya vile vile. Ua linafunguka asubuhi moja tu, likishafunga basi, kwa hiyo mwenzako anayeweza kukuchavushia ukiwa umesafiri ni mtu muhimu sana. Mkipeana marando kagueni mizizi kwanza, fusari, ule ukungu unaoozesha mizizi, inasafiri na zawadi.

Baada ya kuvundika, kila siku anika juani saa moja mbili kisha yafunge tena yakiwa na joto, wiki moja au mbili, halafu kivulini penye hewa mpaka yawe laini kama ngozi, yazungushe kidoleni yasivunjike. Kilo 5 au 6 mbichi zitakupa kama kilo 1. Mwisho yafungie kwenye chupa au boksi miezi 3 hivi, na ufungue kila wiki kukagua. Ukiona vijisindano vyeupe vinavyong'aa hiyo ni vanilini imeganda, furahi. Weupe wa manyoya usiong'aa ni ukungu, hilo tunda litupe na usilifute ukalirudisha, na yaliyokuwa yamegusana nalo yatenge peke yake.