Sevisi ya pikipiki ya magurudumu manne ni kufanya nini hasa?

Pikipiki ya magurudumu manne imeundwa kwa ajili ya vumbi, tope, mchanga na maji. Sevisi yake ni kazi ya kuzuia vitu hivyo visiingie ndani, na kuvitoa mapema vikishaingia. Kumwaga oili ni sehemu moja tu. Ndiyo maana vitabu vingi vya mashine hizi huhesabu sevisi kwa saa za injini na si kwa kilomita peke yake: anayetambaa kwenye tope kutwa nzima husogea kilomita chache, na injini inafanya kazi muda wote. Ukiendesha kwenye vumbi au maji, usisubiri saa hizo zitimie.

Cha kushikilia zaidi, kwa maoni yangu, ni filta ya hewa. Vumbi likipita hapo hukwangua ukuta wa silinda na kula ringi za pistoni. Injini huanza kunywa oili na kutoa moshi wa buluu, na hapo hakuna cha kusafisha tena, ni kuifungua. Filta ya sponji huoshwa kwa dawa yake au kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kamwe si kwa petroli. Iminye taratibu kati ya viganja. Ukiisokota, inachanika kwenye maungio. Iache ikauke kabisa, ipake oili ya filta mpaka rangi ienee kote, kisha uiminye tena oili iliyozidi itoke. Ya karatasi haioshwi, inabadilishwa.

Kutafuta tatizo ni kusoma dalili kabla ya kukimbilia kununua spea. Starta inazungusha vizuri lakini injini haiwaki? Mara nyingi inakosa mafuta, hewa au cheche. Chomoa plagi uitazame: ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika ila hayawaki, ikiwa na masizi makavu meusi, petroli imezidi hewa, na mara nyingi filta iliyoziba ndiyo chanzo. Starta ikigonga tu bila kuzungusha, pima betri. Ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.6 au zaidi kidogo.

Oili ikiwa na rangi ya maziwa kwenye kijiti cha kuipimia, maji yameingia, na hapo usiwashe kabisa, hata kwa kujaribu. Kwa mashine zinazotumia mkanda kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, injini ikinguruma bila mwendo kuongezeka, mkanda unateleza. Kama umetoka kuvuka maji, fungua kizibo cha chini cha kasha lake yatoke. Ukisikia harufu ya mpira ulioungua, fungua kasha uukague wenyewe.

Tairi nazo hudanganya macho. Nyingi hujazwa upepo wa psi 4 hadi 7 hivi, kiasi ambacho geji ya gari haipimi kwa uhakika. Tumia geji ya upepo mdogo, upime tairi zikiwa baridi. Tairi za upande mmoja zikipungukiwa, usukani huvutia huko.